Mwanasesere Asiyeuzwa: Ukweli wa Mtoto katika Vibonzo vya Calvin and Hobbes

Vibonzo vya magazetini havijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wetu wa fasihi. Msomaji wa Taifa Leo aliyekua na Juha Kalulu wa Edward Gitau anajua kwamba ukurasa wa vibonzo husomwa kwa bidii, pengine kabla ya tahariri, lakini akifika chuoni hufundishwa kuutazama kama kitu cha kupitishia wakati. Makala haya hayakusudii kuutetea utanzu mzima. Yanakusudia kuchunguza swali moja la kimaadili ambalo, kwa maoni yetu, limeulizwa kwa makini katika mfululizo mmoja wa vibonzo vya Kimarekani kuliko lilivyoulizwa katika riwaya nyingi zinazouhusu utoto. Swali lenyewe ni hili: mtoto anaposhikilia kuwa ni kweli jambo ambalo mtu mzima ana hakika kuwa si kweli, mtu mzima huyo ana wajibu gani mbele ya imani hiyo? Aisahihishe? Ainyamazie? Au ajifanye kuamini naye?

Mfululizo tunaouzungumzia ni Calvin and Hobbes, kazi ya Bill Watterson, aliyezaliwa mwaka 1958 na kulelewa Chagrin Falls, mji mdogo katika jimbo la Ohio. Ulianza kuchapishwa tarehe 18 Novemba 1985 ukakoma tarehe 31 Desemba 1995, ukiwa umefikia vibonzo 3,160, na katika kilele chake ulichapishwa na magazeti zaidi ya 2,400. Mhusika mkuu ni Calvin, mvulana wa miaka 6, mtoto wa pekee wa wazazi ambao hawatajwi kwa majina. Mwenzake ni Hobbes, simbamarara. Kwa Calvin, Hobbes ni mnyama kamili, mwenye akili na mzaha, mrefu kumshinda Calvin mwenyewe, apendaye kumrukia na kumwangusha mlangoni anaporudi kutoka shuleni. Kwa mama, kwa baba, kwa mwalimu, na kwa Susie Derkins ambaye ni jirani na mwanafunzi mwenzake, Hobbes ni mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa pamba.

Majina hayo hayakuokotwa njiani. Calvin amepewa jina la mwanateolojia wa karne ya 16 aliyefundisha kwamba hatima ya kila mtu imekwisha kuamuliwa na Mungu. Hobbes, jina la mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17 aliyekuwa na shaka kubwa juu ya wema wa binadamu. Watterson alisoma sayansi ya siasa katika Kenyon College na kuhitimu mwaka 1980, na mzaha huu ni wa mtu aliyewahi kufanyiwa mtihani juu ya watu hao. Lakini tusiufuate mbali. Wahakiki wanaotafuta mafunzo ya Leviathan katika kila kisanduku cha picha hujichosha bure, na humchosha msomaji pia.

Jambo linalodai maelezo ni kwamba vibonzo hivi vimeendelea kupendwa miaka mingi baada ya kukoma, bila filamu, bila kipindi cha televisheni, na bila mwandishi mwingine kuviendeleza. Mkusanyiko kamili wa juzuu tatu ulitolewa mwaka 2005. Aliyevisoma akiwa na miaka 10 mwaka 1990 sasa ni mtu wa makamo, na yamkini ana mtoto wake. Jibu la haraka ni kusema kwamba watu wazima huutamani utoto wao. Jibu hilo haliwezi kukanushwa, na kwa sababu hiyo hiyo halina msaada mkubwa: ziko kazi nyingi zinazoamsha hamu ya utoto, na nyingi kati ya hizo zimesahaulika.

Tuanze na Hobbes. Mhakiki aliyelelewa katika istilahi zetu atakuwa mwepesi wa kusema kwamba hapa tuna tashihisi, na kuendelea na mambo mengine. Hatudhani kwamba istilahi hiyo inafaa. Tashihisi ni tamathali. Asemaye na asikiaye wote wanajua kwamba upepo haulii na kwamba mlima hauna kiburi. Ngano nazo zina mkataba wake. Fanani akisema paukwa na hadhira ikajibu pakawa, wote waliopo wamekubaliana kwamba Sungura atasema na Fisi atamjibu, na hakuna hata mmoja kati yao atakayesimama kusema kwamba anachokiona yeye ni ngozi tupu. Mkataba huo ni mmoja, nao ni wa wote. Katika Calvin and Hobbes mkataba umegawanyika ndani ya chumba kimoja. Calvin anaongea na rafiki yake. Mama anaingia akamshika rafiki huyo kwa mkono mmoja na kumtia katika mashine ya kufulia nguo. Wote wawili wana akili timamu, na hakuna anayemwigizia mwenzake.

Wala hatuwezi kusema tu kwamba Hobbes ni njozi. Watterson anajua kuchora njozi, na anapoichora huweka mipaka wazi. Calvin anapogeuka kuwa Spaceman Spiff, rubani wa anga za mbali, tunaona sayari zenye majabali mekundu na dubwana linalomkaribia; kisha, katika kisanduku cha mwisho, dubwana ni Miss Wormwood, mwalimu wake, na Calvin ameketi kwenye dawati hali hakulisikia swali aliloulizwa. Msomaji anarudishwa darasani. Njozi imekwisha na adhabu inafuata. Kwa Hobbes hakuna kurudishwa kwa namna hiyo. Katika kisanduku kimoja yuko hai. Anapoingia mtu wa tatu, katika kisanduku kinachofuata amekuwa mdogo, mikono imelegea, macho ni vitone viwili. Mtu wa tatu akitoka, yuko hai tena. Hatuonyeshwi picha ya kugeuka kwake. Mageuzi hayo, kama ni mageuzi, hutukia katika ule uwazi mweupe ulio kati ya kisanduku na kisanduku, mahali ambapo hakuna aliyechora chochote. Hii ni fani ambayo riwaya haina. Mwandishi wa nathari angelazimika kuchagua kitenzi, na kitenzi kingemsaliti: ama Hobbes "alionekana" ama "alikuwa".

Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi ya kifantasia, aliuona msingi wa utanzu huo katika kusitasita: msomaji, na aghalabu mhusika pia, hajui kama jambo lililotokea lina sababu ya kimaumbile au ni muujiza. Fasili hiyo inatusogeza karibu, lakini haitufikishi. Katika nyumba ya Calvin hakuna anayesitasita. Calvin hana shaka hata kidogo, mama hana shaka hata kidogo. Msomaji peke yake ndiye angeweza kusitasita, na baada ya wiki mbili naye huacha. Upo mfano mmoja unaotajwa mara nyingi. Calvin anataka kuwa bingwa wa kujifungua kamba kama Houdini, na Hobbes anamfunga kwenye kiti. Anashindwa kujinasua. Baba anamkuta, anakasirika, na anashindwa kuelewa mtoto amewezaje kujifunga mwenyewe hivyo. Mpelelezi angesema kwamba huu ndio ushahidi wa kumaliza kesi. Lakini baba hafungui kesi yoyote, anafungua kamba. Na Watterson, katika kitabu cha maadhimisho ya miaka 10 kilichotoka mwaka 1995, alieleza kwamba kwake yeye Hobbes si mwanasesere anayepata uhai kwa miujiza, wala si zao la mawazo ya Calvin. Calvin humwona hivi na wengine humwona vile, na kila mtazamo una mantiki yake kwa yule aliye nao.

Mtu anaweza kusema kwamba huku ni kukwepa. Sisi tunaona kwamba ndani yake mna msimamo wa kimaadili, na msimamo huo ulikwisha kupata maelezo yake mahali pengine. D. W. Winnicott, daktari wa watoto na mwanasaikolojia wa Uingereza, aliandika makala iliyochapishwa mwaka 1953, na baadaye kuingizwa katika kitabu chake Playing and Reality cha mwaka 1971, kuhusu kile kitambaa au kidubu ambacho mtoto mchanga hakubali kutengana nacho. Hoja yake ni kwamba kitu hicho hakiko ndani ya mtoto tu, wala hakiko nje yake tu. Kiko katika eneo la tatu. Na watu wazima, bila ya kuambiana, wanapatana kutomwuliza mtoto swali moja: hiki umekibuni wewe, au umekikuta? Winnicott hakusema kwamba swali hilo halina jibu. Alisema kwamba halipaswi kuulizwa. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ndiyo tofauti kati ya elimu ya maarifa na maadili, na kwa maoni yetu ndiyo mhimili wa kazi ya Watterson. Mama wa Calvin haamini kwamba Hobbes yuko hai. Anamfua, anamshona anapochanika, na anamkabidhi mtoto bila hotuba. Hasemi uongo, na hatoi sahihisho ambalo hakuna aliyemwomba.

Hapa lazima tujihadhari na tafsiri laini. Iko fasihi ndefu ya Ulaya, kuanzia Rousseau na washairi wa kimapenzi wa Uingereza, inayompa mtoto heshima kwa sababu ya usafi wake: mtoto yuko karibu na maumbile, kwa hiyo maneno yake yana hekima. Calvin hana usafi wa aina hiyo. Ni mlafi, ni mwongo anapotafuta kuepa adhabu, humvizia Susie kwa mipira ya theluji, na kila Desemba hupiga hesabu kama mfanyabiashara juu ya kiasi cha wema kitakachomtosha Baba Krismasi. Katika kisa kimoja anatengeneza kwa boksi la katoni mashine ya kujirudufisha, na baada ya kupata hasara anaiongezea swichi ya kuchagua upande wa wema au wa uovu, ili apate nakala ya upande wake mwema pekee, imfanyie kazi za nyumbani na kwenda shuleni badala yake. Nakala inapatikana, inavaa vizuri, inampenda Susie. Kisha Calvin anaichokoza hadi inakasirika, na mara tu wazo baya linapoipitia kichwani, inatoweka. Hatujui hadithi fupi kuliko hii inayokanusha kuwako kwa mtoto malaika. Kwa hiyo ikiwa ukweli wa Calvin unastahili heshima, haustahili kwa sababu Calvin ni mwema. Unastahili kwa sababu ni wake.

Hata hivyo, Watterson anampa mtoto ukweli bila kumpa mamlaka, na jambo hili halijatiliwa mkazo wa kutosha na wale wanaoviona vibonzo hivi kama burudani ya ndoto. Moe, mvulana mkubwa wa darasa lake, humpiga Calvin, na Hobbes hayuko shuleni kumsaidia. Calvin huvaa joho na barakoa akawa Stupendous Man, shujaa wa kuokoa dunia, na hakuna pambano hata moja ambalo shujaa huyo analishinda. Hobbes anapomuuliza juu ya ushindi wake, Calvin anajitetea kwamba wote ulikuwa ushindi wa kimaadili. Tunacheka, lakini mzaha huo una makali. Dunia inayomzunguka mtoto haibadiliki kwa sababu yeye anaiona vingine.

Mahali ambapo jambo hili linafikia kina chake ni kisa cha mwaka 1987. Calvin anamkuta msituni mtoto wa rakuni, mnyama mdogo wa Amerika mwenye uso kama uliovikwa kinyago, akiwa ameumia. Anamkimbilia mama yake, na ni mama, mtu ambaye siku nyingine zote ni hakimu na polisi wa nyumba, anayemtia mnyama yule katika boksi na kujaribu kumtunza. Usiku kucha Calvin hana raha. Asubuhi baba anamwambia kwamba rakuni amekufa.

Tuzingatie yasiyotendeka hapa. Boksi la katoni, ambalo katika visa vingine ni mashine ya kumgeuza mtu kuwa mnyama au ya kusafiria katika wakati, katika kisa hiki ni boksi. Calvin hajaribu kumfufua mnyama kwa mashine zake. Uwezo wa kuumba ulimwengu, ambao umemtii kila siku tangu 1985, haumtii hapa, na hata hajaribu kuutumia. Anasema kwa machozi kwamba mnyama ametoweka huko nje lakini hajatoweka ndani yake. Halafu anazungumza na Hobbes. Siku chache kabla hakujua kwamba rakuni yule yuko duniani, na sasa hayuko, na Calvin haoni maana ya mpango kama huo. Anamwomba Hobbes asiende popote. Hobbes anaahidi.

Ahadi hiyo ina uzito gani? Kwa mtazamo wa baba, ni ahadi ya kitambaa na pamba. Kwa mtazamo wa Calvin, ni ahadi ya rafiki. Ajabu ni kwamba katika mitazamo yote miwili ahadi ni ya kuaminika, kwa kuwa mwanasesere hafi. Msomaji mtu mzima anajua pia upande wa pili: anayeondoka si mwanasesere. Calvin ndiye atakayekua. Watterson hasemi hivyo, na hakuhitaji kusema. Hapa Hobbes si mtu wa kumficha mtoto asikione kifo. Amekaa naye kando ya kifo kilichokwisha kuingia nyumbani. Mzazi anayedhani kwamba kuheshimu ulimwengu wa mtoto ni kumnyima habari mbaya hatapata hoja katika kisa hiki. Baba alimwambia mwanawe kwamba mnyama amekufa, kwa maneno yaliyo wazi, akamshika.

Na baba huyu si mtu wa maneno ya wazi sikuzote. Ni wakili wa hataza, hupenda kuendesha baiskeli katika baridi, na huamini kwamba kila taabu hujenga tabia. Mtoto akimwuliza kwa nini picha za zamani hazina rangi, humjibu kwamba picha hizo zina rangi kamili. Dunia yenyewe ndiyo iliyokuwa nyeusi na nyeupe hadi miaka ya 1930. Majibu ya namna hii yamo mengi, na Calvin huyaamini. Tukihesabu uongo wa kubuni unaosemwa katika nyumba ile, mbunifu mkuu si mtoto. Tofauti ni kwamba ubunifu wa baba una mamlaka ya baba nyuma yake na hupokewa kama elimu, ilhali ule wa mtoto hupokewa kama utundu. Hii ndiyo sababu hatukubaliani na wanaomwona baba kama sauti ya uhalisia katika vibonzo hivi. Sauti ya uhalisia ni baridi, ni mtihani, ni Moe, na ni rakuni aliyekufa. Baba naye yuko chini ya vitu hivyo.

Jambo hilo linafichuliwa katika kisa cha wizi. Familia inarudi kutoka harusini na kukuta nyumba imevunjwa. Calvin hofu yake ni moja tu: Hobbes alikuwa ameachwa ndani. Akiisha kumpata, kwake mambo yametengemaa. Usiku wazazi hawapati usingizi, na baba anakiri kwamba alipokuwa mtoto alidhani watu wazima wanajua la kufanya kila linapotokea jambo. Lau angejua kwamba wote wanabuni papo hapo, asingekuwa na haraka ya kuwa mmoja wao. Maneno hayo hayasemwi mbele ya Calvin. Kwa nini? Kwa sababu baba anaitunza imani ya mwanawe kwamba baba anajua, kama mama anavyomshona Hobbes. Mtoto ana simbamarara; na baba pia, machoni pa mtoto, ni kiumbe mwenye uwezo ambao wengine hawauoni. Anayemtazama kutoka nje huona mtu wa makamo aliyelala macho wazi.

Hapa ndipo, kwa dhana yetu, ilipo sababu ya kudumu kwa kazi hii. Msomaji wa miaka 10 hakipiti kisanduku hicho cha usiku kwa makini, hakina kichekesho. Msomaji huyo huyo akiwa na miaka 40 hukisoma mara mbili. Picha hazikubadilika, mtoto wa ndani ya picha bado ana miaka 6, lakini msomaji amehama kutoka kitanda kimoja hadi kingine katika nyumba ile ile. Sifa hii haipatikani katika kazi zinazoutukuza utoto pekee. Inahitaji kazi iliyowaachia watu wazima chumba chao.

Imekwisha kusemwa kwamba utoto wenyewe ni wa wachache: nyumba yenye msitu nyuma yake, mzazi wakili, mtoto mmoja mwenye saa nyingi za kuwa peke yake. Ni kweli, na msomaji wa Nairobi au Kisumu hahitaji kukumbushwa. Hata hivyo, hoja hiyo inahusu mapambo ya jukwaa. Iko nyingine nzito zaidi, nayo imo ndani ya vibonzo vyenyewe.

Susie Derkins naye ana mwanasesere, sungura aitwaye Mr. Bun. Huwa naye katika karamu zake za chai, humsemesha, humwekea kiti na kikombe. Na Mr. Bun siku zote amechorwa kama mwanasesere. Hata Calvin na Hobbes wanapokuwa mezani pamoja naye, Hobbes akiwa hai na akila biskuti, sungura yule amekaa kimya na macho yasiyotazama. Hobbes mwenyewe anatania kwamba huyo anaonekana kama aliyezimia. Utani huo unachekesha, kisha unaudhi. Calvin anadai kwa dunia nzima heshima ambayo hampi hata mtoto mwenzake aliye upande wa pili wa meza. Tena haikuwa kazi ya Calvin peke yake. Mkono uliomchora Mr. Bun ni wa msanii. Ukurasa ambao tumeusifu kwa kutohukumu kati ya mtoto na mama umehukumu kati ya mtoto na mtoto, na hukumu imemwangukia msichana. Yupo atakayejibu kwamba picha zinafuata macho ya Calvin, na kwamba angekuwapo msanii wa kufuata macho ya Susie tungemwona Mr. Bun akimimina chai. Jibu hilo ni sahihi kifani. Kimaadili linazidisha tatizo, kwani linakiri kwamba ukweli wa mtoto unahitaji mchoraji, na si kila mtoto anaye wake. Hatujui kama Watterson alikusudia kulionyesha hili. Limo, na msomaji makini hawezi kulikwepa kwa kusema kwamba ni vibonzo tu.

Suala la mwisho ni la soko, na hatulitenganishi na hayo yaliyotangulia. Mkataba wa awali wa Watterson uliipa kampuni iliyosambaza kazi yake, Universal Press Syndicate, haki ya kuwauza wahusika wake kwa watengenezaji wa bidhaa: fulana, vikombe, filamu, na bila shaka wanasesere. Watterson alikataa. Mvutano uliendelea kwa miaka kadhaa, naye hakuacha kulizungumzia hadharani. Katika hotuba aliyoitoa mwaka 1989 katika Chuo Kikuu cha Ohio State alilalamika kwamba biashara hiyo inaushusha hadhi utanzu wenyewe. Mwaka 1991 alipata mkataba mpya uliomrudishia haki hizo. Ukiacha vitu vichache kama kalenda mbili, kilichouzwa kihalali tangu hapo ni vitabu. Fedha alizoziacha ni nyingi mno, na wengi wamelieleza jambo hilo kama ushujaa wa msanii dhidi ya mabepari.

Maelezo hayo yanapendeza, lakini yanaikosa sababu iliyo mahususi kwa kazi hii. Linganisha na Peanuts ya Charles Schulz, iliyoanza mwaka 1950 na kukoma Februari 2000, siku moja baada ya kifo chake. Snoopy aliuzwa kwa kila namna, hata akatangaza bima. Je, kazi ya Schulz iliharibika? Hatuoni hivyo. Snoopy ni mbwa kwa kila mtu anayemwona. Mawazo yake tunayasoma sote katika kiputo kilicho juu ya kichwa chake. Mwanasesere wa Snoopy dukani ni picha ya kitu ambacho hakuna anayekibishia. Hobbes dukani ni jambo jingine. Siku ambayo kiwanda kingetengeneza Hobbes wa kitambaa kwa maelfu, swali lililolindwa kwa miaka yote lingekuwa limejibiwa: mama ndiye aliyekuwa sahihi. Na jibu lisingetolewa na mzazi, wala na mhakiki. Lingetolewa na bei iliyobandikwa sikioni. Kwa hiyo Schulz hakukosa na Watterson hakuwa mtakatifu. Kila mmoja alitenda lililoelekea na kitu alichokiumba.

Kukataa huko nako kulikuwa na gharama zake. Kwa kuwa Calvin halisi hakupatikana madukani, wezi walijaza nafasi. Kwa miaka mingi katika barabara za Marekani, picha ya Calvin iliyoonekana zaidi nyuma ya magari ilikuwa ile ya kughushi, inayomwonyesha akikojoa juu ya nembo ya kampuni shindani ya magari. Mtoto ambaye mwandishi wake alimlinda asiwe bidhaa aligeuzwa tusi, na mlinzi hakupata hata senti. Anayetaka kujenga juu ya mfano wa Watterson kanuni kwa wasanii wote inambidi alieleze hilo kwanza.

Kibonzo cha mwisho kilitoka siku ya Jumapili. Theluji mpya imefunika kila kitu, na sehemu kubwa ya ukurasa imeachwa nyeupe. Calvin na Hobbes wamebeba sleji yao, wanapanda, wanateleza kuingia msituni. Mama hayumo pichani, baba hayumo, wala Susie na sungura wake. Hakuna macho mengine ya kumwona Hobbes akiwa kitambaa, na kwa hiyo hatumwoni hivyo. Msanii aliyekaa miaka 10 akiwapa watu wazima chumba chao aliifunga kazi yake mahali ambapo hawawezi kuingia, na safari hii hakuzigawa picha zake kati ya pande mbili.